Uso Wangu kwenye Fulana za Henrique

Uso wangu umechanjwa. Mashavuni nina mistari ya pembepembe, kwenye paji la uso mitatu iliyolala, na kidevuni kitu kama jani la mhogo. Nilichanjwa kule Mueda nikiwa mwali, na bibi mmoja mwenye kisu kidogo na masizi ya mbegu za nyonyo. Nililia hadi nikamtukana, akanichanja mstari mmoja zaidi ili nijifunze heshima. Sikujifunza.

Mapadri wa Kireno waliuona uso huu wakasema ni ushenzi. Wakaja wapiganaji wa uhuru wakasema ni mambo ya kale, tuyaache. Leo Henrique anasema ni utamaduni. Uso wenyewe haujabadilika hata kidogo. Wao ndio hubadilika kila wanapotaka kitu.

Huyu Henrique anataka kuwa deputadu, yaani mbunge. Alizaliwa hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, akaondoka akiwa mdogo, akarudi mtu wa makamo na gari lenye vioo vyeusi. Hajui kuongea na mtu mmoja. Hata mkiwa wawili kwenye kibaraza anakuhutubia, anakutazama juu ya kichwa kama nyuma yako kuna uwanja umejaa watu.

Alikuja kwangu mwezi wa nne na mpiga picha, kilo mbili za sukari na mche wa sabuni.

"Vovó Benilde," akaniambia, yaani bibi, kama vile mama yake nimemzaa mimi, "angalia mbali. Kama mtu anayeiona kesho ya nchi yetu."

Nikaangalia mbali. Kule mbali dereva wake alikuwa anakojolea ua wangu wa makuti. Hiyo ndiyo kesho niliyoiona, na ndiyo sababu kwenye ile picha naonekana mtu mwenye mawazo mazito.

Baada ya wiki tatu zikaja fulana kutoka Nampula. Nyeupe, kifuani uso wangu mkubwa kama sinia, na chini yake kwa Kireno: Asili Yetu, Maadili Yetu. Akazigawa kanisani kwetu, moja kwa kila muumini. Hata mimi nilipewa. Nilipoivaa, matiti yalinivuta mashavu nikaonekana nimenona, na huo ndio uongo pekee wa Henrique ulionifurahisha.

Kanisa letu ni la mabati, lina mabenchi kumi na mawili na mchungaji mmoja, Germano, aliyetoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, vita vilipotulia. Ana kinanda cha umeme kinachopiga ngoma chenyewe. Germano alitaka spika mpya. Henrique alitaka dhambi. Mwanasiasa asiye na barabara wala hospitali ya kuonyesha watu hutafuta dhambi ya jirani, kwa kuwa haihitaji saruji. Wakaelewana.

Jumapili moja Henrique akapewa nafasi ya kusalimia. Alisalimia dakika arobaini. Alisema Maputo wamefuta sheria iliyokuwa inawaadhibu wanaume wanaolala na wanaume, na yeye akichaguliwa ataenda kuirudisha. Akasema imeandikwa katika kitabu cha Walawi. Akatuletea na karatasi ndefu ya kutia sahihi, na asiyejua kuandika atie dole gumba.

Nilikuwa nimekaa na Laura, rafiki yangu, niliyechanjwa naye mwaka mmoja. Nikamnong'oneza, "Si ndiyo ile sheria ya Mreno?"

"Ndiyo hiyo."

"Huyu si ndiye aliyelia juzi kwenye sikukuu ya mashujaa, kuwa Mreno alitutesa?"

"Alilia sana," Laura akasema. "Hata kamasi zilitoka."

"Leo anamlilia Mreno arudi."

Tukacheka hadi mzee wa kanisa akatukoholea. Lakini kicheko kiliniishia pale Germano aliposimama na kusema kwamba usafi huanzia nyumbani, na kwamba Jumapili ijayo kanisa litamtoa Délcio.

Délcio ni fundi wa pampu za maji, mwanamume wa miaka thelathini na sita, mpole, mikono imejaa grisi. Pampu ya kanisa anaitengeneza yeye. Anaishi na Anuar, Mwislamu, mfanyabiashara anayevuka Ruvuma kuleta mchele na betri kutoka Mtwara. Ni mwaka wa nane sasa wanakaa nyumba moja, birika moja, kitanda kimoja. Sijawahi kuwauliza. Mungu alinipa macho ili nipunguze maswali.

Mwaka 2021, risasi zilipoanza hapa mjini, kila mtu alishika wa kwake akakimbia. Mimi goti langu la kulia halijakimbia tangu mwaka 1998. Wawili hawa walinitia kwenye toroli ya zege wakanisukuma kwenye mchanga hadi Nhica, siku tatu. Anuar alivua viatu akanivika, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa inaning'inia na kuchomwa na miiba. Siku hizo Germano alikuwa Pemba. Henrique alikuwa Maputo, akituombea kwa simu.

Sasa mjue utaratibu wetu. Kanisani kwetu mtu hatengwi kwa barua. Kila aliyebatizwa ana madrinha, yaani mama wa ubatizo, aliyemshika mkono akamwingiza. Siku ya kumtoa, madrinha yule yule humshika mkono, akamtembeza katikati ya watu hadi mlangoni, akamwachia kizingitini, akarudi kukaa peke yake. Na sharti awe safi, asiwe na kosa lolote la Maandiko. Akiwa nalo, atafutwe mwanamke mwingine aliye safi. Asipotolewa hivyo, hajatolewa. Alituachia hivyo mzee aliyelijenga kanisa, na hakuna mchungaji aliyethubutu kugusa.

Madrinha wa Délcio ni mimi. Mama yake alikufa, yeye Délcio akiwa na miaka kumi na mitano, nikamwingiza kwa mkono huu.

Jumanne Germano akaja kwangu. Laura alikuwa pale anapeta mchele.

"Mama Benilde, Jumapili utamtoa Délcio."

"Kosa lake?"

"Unalijua, mama."

"Kaiba?"

"Hapana."

"Kapiga mtu? Kalewa akaanguka kwenye kinanda chako?"

"Mama, usinitie majaribuni niseme maneno machafu mbele ya mtu mzima."

"Sema tu, mwanangu. Nimezaa saba, na nimewafunda wari wa mji huu hadi nimesahau hesabu yao. Kama kuna neno chafu sijalisikia, nifundishe kabla sijafa."

Laura akainamisha uso kwenye ungo. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Germano akafuta jasho. "Imeandikwa, mama. Ni chukizo."

"Imeandikwa wapi?"

"Walawi."

"Basi nitamtoa."

Laura akanyanyua kichwa, hacheki tena. Germano naye alishangaa, nadhani alikuja na mahubiri mazima tumboni na sasa hakuwa na pa kuyamwaga.

"Lakini," nikasema, "sheria isomwe kwanza mbele ya watu. Nisije nikamtoa mtoto wangu kwa habari za kusikia. Na niisome mimi, ndiye madrinha."

Akakubali haraka, na tabasamu juu. Nililielewa lile tabasamu. Aliutazama uso wangu akafikiri uso kama huu haujui kusoma, nitakwama kwenye mstari wa kwanza naye anipokee kitabu kwa huruma. Hakujua kuwa nilisoma hadi darasa la nne ng'ambo ya Ruvuma, shule ya wakimbizi, kwa Kiswahili, na kwamba mwalimu wetu hakuwa na kitabu kingine cha kutusomesha ila hicho. Walawi nimekisoma zaidi yake. Yeye amekisoma mistari miwili.

Alipoondoka Laura akaniambia, "Mwenzangu, utamtoa kweli?"

"Nipe huo mchele niuchague," nikasema. "Wewe unaacha mawe."

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Karibu kila mtu alikuwa amevaa fulana, maana tuliambiwa kutapigwa picha. Nyuso zangu mia moja na zaidi, zote zikimtazama dereva anakojoa. Mbele alikaa Henrique na mkewe Neusa, mwanamke mzuri, mrefu, wa mjini. Siku hiyo joto lilikuwa kali na wasichana wote waliojipaka wanja walikuwa wanatiririka kama mishumaa. Neusa jasho lilimshuka hadi shingoni lakini nyusi zake zilikaa pale pale, nyeusi, kila moja na ncha yake. Niliziangalia muda mrefu. Nikaziweka akiba.

Karatasi ya Henrique ilikuwa mezani, na kidau cha wino pembeni.

Germano akaita jina. Délcio akainuka mwenyewe benchi la tatu. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na nilijua nani aliyelinyoosha, kwa sababu Délcio akishika pasi huunguza. Anuar alikuwa amesimama nje, kwenye ua, anachungulia dirishani. Délcio akaja mbele akasimama, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri fimbo. Hakunitazama.

Nikafungua kitabu. Germano akanyoosha mkono kunisaidia. Nikamwambia asante, mwanangu, pumzika.

Nikasoma. Sikuanza pale walipopataka. Nilianza ukurasa wa kabla yake, na nilisoma polepole kwa sauti ya kuitia mbuzi, hadi nikafika pale Mungu anapowakataza watu kujichanja miili na kujitia alama kwenye ngozi. Nikapasoma tena.

Watu wakaanza kutazama vifua vyao, mmoja mmoja.

"Mchungaji," nikauliza, "hii na ile ya Délcio ni sheria ya Mungu mmoja?"

"Ni... ndiyo, mama, lakini hayo ya alama yalikuwa ya zamani. Desturi za Waisraeli wa wakati ule."

"Na ya Délcio yameandikwa juzi?"

Kicheko kikapita mabenchi ya nyuma. Germano akageuza shingo kumtafuta Henrique, na Henrique akainuka, mikono miwili hewani kama yuko jukwaani.

"Vovó, uso wako si dhambi! Uso wako ni utamaduni wetu, ni fahari ya..."

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Umelivalisha kanisa zima chukizo na bado una nguvu za kusimama?"

Hapo hawakujizuia kucheka. Mzee wa kanisa, yule wa kukohoa, alikuwa amekunja mikono kifuani kunificha. Mwanamke mmoja akajifunika kapulana, ile kanga yetu, hadi shingoni. Kijana mmoja wa kwaya aliivua fulana akaigeuza ndani nje, na wino ulikuwa mbaya, nikaonekana hata upande wa pili.

"Mimi si safi," nikasema. "Siwezi kumtoa mtu. Na kama ni kunitoa mimi, madrinha wangu kazikwa Mueda. Mtasubiri ufufuo."

Germano alianza kuwa mwekundu, na si kazi rahisi kwa ngozi yake. "Utaratibu unaruhusu mwanamke mwingine," akasema. "Aliye safi. Mama Laura?"

Laura akainuka. "Mimi nimechanjwa hadi chini ya kitovu, mchungaji. Nikuonyeshe, au unaniamini?"

Alimwamini. Akatazama mabibi wengine, na mabibi wengine, wote wa rika letu, wakamtazama na mashavu yao. Wasichana wakainama. Hakuna aliyetaka kumshika Délcio mkono mbele ya mabibi, nadhani kwa kutuogopa sisi kuliko kumhurumia yeye. Henrique akamgusa mkewe kiwiko.

"Neusa yupo," akasema. "Neusa ni safi."

Neusa hakutaka. Nilimwona. Lakini alizoea kusukumwa mbele ya watu, akaja, akasimama karibu nami na viatu vyake virefu, ananukia vizuri.

"Mwanangu," nikamwambia taratibu, "samahani. Una kitu hapa."

Nikalamba dole gumba kama tunavyofanya kwa watoto, nikamfuta unyusi wa kulia. Nikafuta tena. Nikafuta kwa kapulana. Unyusi haukutoka hata nukta.

Kanisa zima lilikuwa limenyoosha shingo.

"Ni wa kuchanjwa kwa sindano?" nikamuuliza.

Neusa akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani analia.

"Ndiyo, bibi," akasema. "Sindano. Nampula." Na akaangua kicheko, yeye wa kwanza, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Baada ya hapo hakukuwa na ibada tena. Watu walicheka hadi mabenchi yakalia. Germano alisema jambo hili atalipeleka kwa wakubwa Pemba, hakuna aliyemsikia. Akawasha kinanda, kikapiga ngoma chenyewe. Henrique alikunja karatasi yake. Ilikuwa na madole manne, na moja kati ya hayo lilikuwa la dereva.

Nje walinishika mikono, wengine wakinipigia vigelegele. Nilijisikia msichana. Nikamtafuta Délcio nicheke naye, sikumwona. Alikuwa amekwenda.

Mchana nikajikongoja hadi kwao. Alikuwa uani, bado na shati jeupe, anafungua pampu ya mtu. Grisi ilikuwa imefika hadi kwenye mikono ya shati. Hakuinua macho.

"Umewaona?" nikasema. "Umemwona Henrique? Kama jogoo aliyeloa."

"Walicheka, madrinha."

"Walimcheka yeye."

"Walicheka, na mimi nimesimama pale mbele." Akaweka spana chini. "Umewaambia wote ni wachafu kama mimi. Hukuwaambia kwamba mimi si mchafu."

Nilikaa kwenye kigoda chao na goti langu linauma.

Anuar akatoka ndani na chai. "Kunywa, bibi. Amekasirika hivyo kwa kuwa wewe ndiye wake."

"Nyamaza, Anuar," Délcio akasema, kwa ile sauti ambayo marehemu mume wangu alinitumia mimi miaka thelathini, na Anuar akafanya kama nilivyofanya mimi miaka thelathini, yaani hakunyamaza.

"Usiweke sukari nyingi," akaniambia. "Ni ya Henrique. Zile kilo mbili zako ulizotuletea."

Nikainywa. Délcio akaishika tena spana yake, na niliporudi nyumbani Laura alikuwa ananisubiri mlangoni anataka tucheke tena kuhusu nyusi. Nikamwambia kichwa kinauma.

Jumapili iliyofuata fulana mpya zilikuwa zimewekwa kwenye benchi la mlangoni. Wamenifuta. Mahali pangu wameweka mkorosho, na maneno yale yale chini yake. Chaguo zuri, mkorosho hausomi. Henrique mwenyewe hakuja, alikuwa na mkutano Mocímboa, amekwenda kuwasafisha wengine.

Délcio alikuja. Alikaa benchi lake la tatu, peke yake, na benchi linabeba watu sita.

Ulipofika wakati wa matangazo nikainuka. Kabla sijasema kitu watu walishaanza kutabasamu, wengine wamejishika mbavu tayari, wanasubiri. Germano alishika pembe ya meza.

"Huyu Délcio ni mwanangu wa ubatizo," nikasema. "Yeye na Anuar walinisukuma hadi Nhica, siku tatu, mlipokuwa mnakimbia na mimi nimekaa kibarazani. Wapo humu walionipita. Nawajua, na sina neno nao. Nyumba ile naijua, nakula pale. Mle ndani hakuna uchafu. Nilimwingiza mimi na simtoi. Sio kwa sababu ya uso wangu. Hata ningekuwa safi kama malaika nisingemtoa."

Nikangoja kama kuna mwenye neno. Tabasamu zilikuwa zinashuka moja moja. Mama mmoja wa kwaya akamwinua binti yake wakatoka, na wazee wawili wakawafuata. Mzee wa kukohoa hakukohoa. Germano alikuwa anasoma kitu mezani, na mezani hakukuwa na kitu.

Nikaacha nafasi yangu karibu na Laura, nikaenda hadi benchi la tatu. Délcio hakunitazama. Alisogea tu, nafasi ya kumtosha mtu mwenye makalio makubwa, nikakaa.